Sura ya 6: Swali Moja, Maktaba Nyingi

Mtu anayetafiti fasihi ya Kiswahili hana jengo moja la kwenda. Vitabu na miswada anavyovihitaji vimetawanyika katika nchi nyingi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu yake ya East Africana. SOAS, mjini London, ina miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iliyokusanywa na akina William Taylor na William Hichens. Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu 1966, na kazi ya ofisi hiyo ni kununua machapisho ya kanda hii na kuyaorodhesha. Ndiyo maana riwaya iliyochapwa kwa nakala chache Dar es Salaam inaweza kuonekana kwenye katalogi ya Washington, wakati maktaba ya mkoa alikozaliwa mwandishi haina habari nayo.

Kila katalogi kati ya hizo ina ukurasa wake, vitufe vyake na desturi zake. Mtafiti makini huzifungua moja baada ya nyingine na kuandika jina lilelile kila mara. Akifika ya tano au ya sita huchoka. Hapo utafiti wake unaanza kupungua bila yeye kukusudia, maana kinachoingia kwenye tasnifu ni kile kilichopatikana kabla ya uchovu.

Sura hii inahusu programu ya utafutaji wa pamoja. Msomaji anaandika swali mara moja, programu inalipeleka kwa katalogi nyingi kwa wakati mmoja, inapokea majibu, inayaunganisha na kumpa orodha moja. Nitaeleza namna ya kuisimamisha kwa kutumia vifaa vya bure ambavyo maktaba yoyote ya chuo inavimudu. Lakini niseme mapema ninachokiamini, kwa sababu kila hatua hapa chini inatoka humo: chombo cha namna hii kipimwe kwa ukweli wake kuhusu nani alijibu na nani hakujibu. Orodha ndefu inayoficha maktaba tatu zilizokaa kimya ina madhara zaidi kuliko orodha fupi inayosema wazi kwamba tatu hazikupatikana.

Makubaliano yalitangulia mashine

Kompyuta ya Dar es Salaam inawezaje kuiuliza kompyuta ya Washington na kueleweka, ilhali zimetengenezwa na watu wasiojuana na zinaendesha programu tofauti? Inawezekana kwa sababu watu walikaa kwanza wakakubaliana juu ya mambo mawili: namna ya kuandika maelezo ya kitabu, na namna ya kuyaomba.

Jambo la kwanza ni kazi ya Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta aliyeingia Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 bila kuwa mkutubi. Yeye na wenzake walibuni MARC, mfumo wa kuandika rekodi ya katalogi kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma, na mwaka 1969 maktaba hiyo ikaanza kusambaza rekodi zake kwa kanda za sumaku. Katika MARC kila kipande cha maelezo kina namba. Mwandishi yuko 100. Jina la kitabu liko 245. ISBN iko 020 na mada ziko 650. Mkutubi wa Kampala na mwenzake wa Chicago hawajawahi kuonana, lakini wote wakiambiwa 245 wanajua kinachozungumzwa.

Jambo la pili lina jina lisilovutia: Z39.50. Ni kiwango cha Marekani kilichotoka mara ya kwanza 1988, kikafika toleo la tatu 1995, na mwaka 1998 kikawa kiwango cha kimataifa kwa jina la ISO 23950. Kinapanga mazungumzo kati ya kompyuta mbili. Inayouliza hujitambulisha. Ikikubaliwa, hutuma swali. Seva ya maktaba hutafuta, huweka matokeo pembeni, na hujibu kwa idadi tu: zimepatikana 37. Ndipo muulizaji anaomba apewe ya 1 hadi ya 20. Utaratibu huu ulibuniwa wakati mawasiliano yalikuwa ya polepole na ghali, na bado unatufaa sana huku kwetu, kwa sababu hakuna anayetumiwa asichokiomba. Mdogo wake, SRU, alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hufanya kazi ileile kwa njia ya wavuti: swali linakaa ndani ya anwani ya kawaida ya intaneti na majibu yanakuja kwa XML.

Wazo la kuuliza wengi kwa pamoja limeshathibitika zamani. Mwaka 1996 maktaba ya Chuo Kikuu cha Karlsruhe, Ujerumani, ilifungua huduma iitwayo KVK ambayo haina rekodi hata moja ya kwake. Kila swali inalipeleka kwa katalogi za wengine na kurudisha majibu yao. Wasomi wa Ulaya wameitumia kwa zaidi ya robo karne.

Anza na maktaba moja

Anayesimamisha mfumo huu kwa mara ya kwanza hushawishika kuweka anwani thelathini siku moja, kisha anakaa wiki nzima akijiuliza kwa nini majibu ni ya ajabu. Ni afadhali kuifahamu maktaba moja kwanza, kwa mkono, kabla ya kuikabidhi kwa programu.

Kifaa cha kazi hiyo kinaitwa yaz-client. Kimetengenezwa na Index Data, kampuni iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1994, na kinapatikana bure kwa Linux ya Debian au Ubuntu. Unaandika amri tatu:

yaz-client lx2.loc.gov:210/LCDB
find @attr 1=4 "shetani msalabani"
show 1

Amri ya kwanza inafungua mazungumzo na Maktaba ya Bunge la Marekani. Namba 210 ni mlango uliotengwa kwa ajili ya Z39.50, na LCDB ni jina la kanzidata. Anwani hii imetumika kwa miaka mingi, lakini kabla ya kuitegemea hakikisha kwenye tovuti yao kwamba haijahamishwa. Amri ya pili ndiyo swali. Ya tatu inaomba rekodi ya kwanza, nayo inakuja ikiwa na namba zake zote za MARC. Kwa mara ya kwanza unaona katalogi ikiwa uchi, bila ukurasa wowote wa mapambo.

Tazama ile 1=4. Katika Z39.50 huwezi kutupa neno tu, ni lazima useme unalitafuta wapi. Namba 4 ni jina la kitabu, 1003 ni mwandishi, 21 ni mada, 7 ni ISBN, na 1016 ni popote pale. Kuna namba nyingine za kueleza kama maneno yafuatane kama yalivyoandikwa au yatafutwe moja moja, na kama neno linaweza kuachwa wazi mwishoni. Hapa ndipo tabia za maktaba zinapotofautiana, na hapa ndipo ukweli unapoanza kupimwa.

Seva yenye adabu, ikiulizwa kwa njia isiyoielewa, hukataa. Inarudisha kosa namba 114, maana yake: aina hii ya utafutaji siifahamu. Jibu hilo linaudhi lakini ni la kweli. Seva nyingine hazikatai. Ukiziomba zitafute kwenye mada, zinatafuta popote, kisha zinarudisha matokeo kana kwamba zimetii. Msomaji anaona vitabu 400 na kudhani vyote vinahusu mada yake.

Njia ya kulibaini hilo ni rahisi. Chagua neno ambalo hukaa sana kwenye mada na mara chache kwenye majina ya vitabu, liombe kwenye jina la kitabu pekee, halafu fungua rekodi kumi za kwanza. Kama neno hilo halimo kwenye 245 ya hata rekodi moja, seva hiyo haifuati ulichoiomba. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1999 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Bath, Uingereza, wakakubaliana juu ya orodha fupi ya maswali na namna kamili ambayo kila seva inapaswa kuyaelewa. Makubaliano hayo, yanayoitwa Bath Profile, yalipunguza fujo. Hayakuimaliza.

Kwa hiyo weka daftari. Kwa kila maktaba andika anwani, jina la kanzidata, aina ya rekodi inayotoa, namna inavyoandika herufi, maswali inayoyaelewa kweli, na tarehe uliyoipima mara ya mwisho. Daftari hili lina thamani kuliko programu yenyewe. Programu unaweza kuipakua tena usiku mmoja. Yaliyomo daftarini hayapakuliwi popote.

Kuziunganisha

Programu ya kuunganisha ninayoipendekeza ni Pazpar2, nayo pia ni ya Index Data, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Haina haja ya mashine kubwa. Kompyuta moja ya wastani, iliyokaa pale chuoni ambapo mtandao ni mzuri, inatosha. Mzigo mwingi wa data unaishia hapo: rekodi moja ya kawaida ya MARC ina kilobaiti moja au mbili, kwa hiyo maktaba kumi zikitoa rekodi mia mia, seva yako imepokea megabaiti moja au mbili, lakini simu ya mwanafunzi imepokea ukurasa mmoja mfupi tu. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni pesa.

Pazpar2 hupangwa kwa mafaili ya XML. Kwa kila maktaba unaiambia mambo uliyoyaandika kwenye daftari. La kwanza ni anwani. La pili ni aina ya rekodi ya kuomba. La tatu ni ramani ya maswali: msomaji akichagua mwandishi, itumwe 1003, akichagua mada, itumwe 21, isipokuwa kwa maktaba uliyogundua haiielewi 21. La nne ni faili ya kugeuza rekodi, inayosema 245 iitwe jina la kitabu, 100 iitwe mwandishi, na kuendelea.

Hilo la nne lisichukuliwe kirahisi. Ufaransa na nchi nyingine kadhaa hutumia UNIMARC, ndugu wa MARC aliyezaliwa 1977 chini ya shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA. Katika UNIMARC jina la kitabu liko 200 na mwandishi yuko 700. Ukiunganisha Sudoc, katalogi ya pamoja ya vyuo vikuu vya Ufaransa, kwa faili ya kugeuza uliyoiandalia Washington, majibu yatakuja bila majina. Kwa mtafiti wa Lubumbashi au Bujumbura, ambaye sehemu kubwa ya maandishi kuhusu nchi yake iko katika maktaba za Ufaransa na Ubelgiji, huo ni upofu mkubwa.

Swali likitumwa, Pazpar2 haisubiri maktaba moja imalize ndipo iende nyingine. Inazungumza na zote kwa pamoja, na inaonyesha majibu kadiri yanavyoingia. Kwa mipangilio inayokuja nayo, huipa kila moja sekunde 30 za kujibu, na huchukua rekodi 100 za kwanza kutoka kwa kila maktaba.

Hiyo namba 100 inahitaji kutazamwa vizuri. Maktaba ikiwa na vitabu 4,000 vinavyolingana na swali, programu imechukua mia moja tu, tena kwa mpangilio ambao maktaba hiyo imeuchagua yenyewe. Pengine ni vipya kwanza, pengine ni kwa namba za kuingizwa. Orodha ya pembeni inayoonyesha waandishi na miaka imehesabiwa kutokana na hizo mia. Mwanafunzi akiona pale kwamba mwandishi fulani ana vitabu sita, anachokiona ni sita kati ya vilivyoletwa. Andika hivyo kwenye ukurasa, kwa maneno ya kawaida: vimepatikana 4,000, vimeletwa 100. Wengi wa wanaosimamisha mifumo hii huficha namba ya pili kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Isiogopwe. Msomaji akijua kwamba ameletewa mia kati ya elfu nne, atabana swali lake na kupata anachokitaka.

Jina la Ngũgĩ

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikuyu akiwa gereza la Kamiti ilitoka 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikatoka 1982. Mtafute mwandishi huyu kwenye katalogi tano kwa mpigo na utakutana na karibu kila tatizo la kazi hii ndani ya jina moja.

Juu ya u na i kuna kiwimbi. Katika MARC-8, namna ya zamani ya kuandika herufi kwenye rekodi za maktaba, alama ya kiwimbi hutangulia herufi yake. Katika Unicode hufuata nyuma ya herufi, au herufi na alama huandikwa kama kitu kimoja. Kwa macho zote zinafanana. Kwa mashine ni mifuatano mitatu tofauti. Pazpar2 isipoambiwa, huchukulia kwamba rekodi za MARC zimeandikwa kwa MARC-8. Maktaba ikileta Unicode nawe hukusema, jina linavurugika au rekodi nzima inakataliwa. Dawa ni maneno machache kwenye mpangilio wa maktaba hiyo: iso2709;charset=utf-8. Tatizo hili ni rahisi kulipita bila kuliona, kwa sababu majina mengi ya Kiswahili hayana alama juu ya herufi. Unaweza kupima kwa vitabu mia vya Kiswahili na kuona kila kitu ni shwari, kumbe jina la kwanza la Kikuyu litavunjika. Pima kwa Ngũgĩ.

Kisha kuna ritifaa ya Thiong'o. Katalogi moja imeiandika kwa alama iliyonyooka, nyingine kwa iliyopinda, nyingine kwa alama maalumu inayofanana na hizo. Mashine nyingine zikiiona hukata jina vipande viwili, thiong na o. Mtafutaji akiandika bila ritifaa, thiongo, hapati kitu. Matatizo hayo yanawahusu pia ng'ombe, Ng'ambo ya Unguja na kila neno letu lenye sauti hiyo. Pazpar2 ina sehemu ya kusawazisha herufi kwa kutumia maktaba ya programu iitwayo ICU: unaiamuru iondoe viwimbi, ifute aina zote za ritifaa na igeuze herufi kubwa kuwa ndogo kabla ya kulinganisha. Usawazishaji huo unafanyika kwenye rekodi zilizokwisha kufika. Swali lenyewe linaposafiri, kila seva inalisoma kwa desturi yake, kwa hiyo kwa baadhi ya maktaba itabidi utume jina kwa tahajia zaidi ya moja.

Na jina lenyewe lina historia. Vitabu vyake vya mwanzo alivitoa kwa jina la James Ngugi, kikiwemo Weep Not, Child cha 1964. Maktaba yenye wakutubi makini huunganisha majina yote mawili kwenye rekodi ya mamlaka. Nyingine zimeyaacha kama yalivyo kwenye jalada. Programu haiwezi kujua kwamba hao ni mtu mmoja kama hakuna binadamu aliyeandika hivyo mahali fulani.

Nakala mbili au vitabu viwili

Maktaba nane zikileta kitabu kilekile, msomaji hataki kukiona mara nane. Pazpar2 huunganisha rekodi kwa ufunguo unaotengenezwa kutokana na sehemu utakazochagua, na kwa kawaida ni jina la kitabu, mwandishi na aina ya kitu, yaani kitabu, jarida au filamu.

Wengi huuliza kwa nini isitumike ISBN peke yake. Namba hiyo ilifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1970, na ikaongezwa kutoka tarakimu 10 hadi 13 mwaka 2007. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951, kwa hiyo toleo lake la kwanza halina ISBN. Vijitabu vingi vilivyochapwa na misheni, vyama vya ushirika na idara za serikali kabla ya 1970 viko hivyohivyo. Ukitegemea ISBN, unaunganisha vitabu vya leo na kuacha urithi wetu ukirudiwarudiwa au kupotea.

Jina la mwandishi nalo lina mtego wake. Katalogi moja inaweza kumweka Shaaban Robert chini ya Robert na nyingine chini ya Shaaban, na funguo zikatofautiana. Kwa upande mwingine, ukilegeza ufunguo sana, toleo la kwanza na toleo la shule lililofupishwa vitalala pamoja kama kitu kimoja. Mimi huchagua kukosea upande wa kurudia. Kitabu kinachoonekana mara mbili humchelewesha msomaji kwa sekunde chache. Kitabu kilichofichwa chini ya kingine hakipatikani tena, na msomaji hajui kwamba kilikuwepo.

Maneno yanayobadilika mwanzoni

Viwango hivi viliandikwa na watu wa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Ndiyo maana karibu kila seva inaweza kuacha neno wazi upande wa kulia: unaandika mwanzo wa neno na inakamilisha mwisho. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayetafuta shairi hapati mashairi, anayetafuta mwalimu hapati walimu, na kuacha wazi upande wa kulia hakumsaidii hata kidogo. Kuacha wazi upande wa kushoto kumo kwenye kiwango, lakini seva chache hukubali.

Suluhisho ni la kazi ya mikono nalo linawezekana. Tengeneza orodha ya maneno ambayo wasomaji wako huyatafuta sana, na umoja na wingi wake, kisha weka hatua ndogo kabla ya Pazpar2 inayotuma yote mawili: shairi au mashairi, utenzi au tenzi au utendi au tendi. Orodha ya maneno mia tatu yaliyochaguliwa na mkutubi anayewafahamu wasomaji wake itabadilisha sana matokeo.

Kuna jambo jingine linaloenda na hili. Vitabu vingi vya Kiswahili katika katalogi kubwa vimepewa mada kwa Kiingereza. Anayetafuta mashairi kwenye sehemu ya mada ataambiwa hakuna kitu, ilhali rafu imejaa. Orodha yako iweke na mada za Kiingereza pembeni ya maneno ya Kiswahili, ili mwanafunzi aulize kwa lugha yake na swali lisafiri kwa lugha zote mbili.

Kimya

Sasa turudi kwenye lile nililolitanguliza. Katika utafutaji wa pamoja, maktaba inaweza kutoonekana kwenye matokeo kwa sababu nyingi. Pengine haina kitabu. Pengine seva yake imezimwa. Pengine umeme umekatika, au mtandao umechelewa na sekunde 30 zimepita. Pengine anwani imebadilishwa na hakuna aliyekuambia. Kwenye orodha ya matokeo, sababu zote hizi zinaonekana sawa: hakuna kitu. Mwanafunzi anaandika kwenye tasnifu kwamba kitabu hakipatikani kokote, kumbe maktaba iliyo nacho ilikuwa gizani saa ile.

Programu ya namna hii ni kama mshenga. Kazi yake ni kurudisha jibu kama lilivyotolewa, na kama mlango haukufunguliwa, aseme haukufunguliwa.

Pazpar2 inazo habari hizo. Ina amri iitwayo bytarget, inayotoa kwa kila maktaba idadi ya vilivyopatikana, vilivyoletwa, hali ya mazungumzo na namba ya kosa kama lipo. Ziweke habari hizi juu kabisa ya orodha, pale ambapo jicho linaanzia, kwa Kiswahili cha kawaida: maktaba tisa zimejibu, moja imekataa aina hii ya swali, mbili hazikupatikana. Weka kitufe cha kuziuliza tena hizo mbili peke yake. Na kila usiku endesha swali moja la majaribio kwa kila anwani, kisha mkutubi apelekewe taarifa asubuhi. Anwani iliyokaa kimya kwa wiki moja ifuatiliwe kwa barua pepe. Isipofuatiliwa, baada ya miaka miwili nusu ya orodha yako itakuwa majina ya marehemu.

Kuuliza au kukusanya

Kuna wanaosema njia hii imepitwa na wakati. Google Scholar ilifunguliwa 2004, na kuanzia 2009, huduma iitwayo Summon ilipotoka, kampuni kubwa zikaanza kuuza huduma zilizokusanya mamilioni ya rekodi kwenye fahirisi moja. Huduma hizo hujibu mara moja, kwa sababu haziulizi mtu, zimeshakusanya. Kwa majarida ya kimataifa ya sayansi ni bora kuliko utafutaji wa pamoja, na sioni haja ya kubishana.

Lakini anayekusanya ndiye anayeamua nini kikusanywe. Kampuni inayouza huduma kwa vyuo vya Ulaya na Marekani haina sababu kubwa ya kwenda kuchukua katalogi ya maktaba ya Pemba. Kwa vitu vyetu, ushauri wangu ni kuchanganya njia mbili. Tasnifu na makala zilizo kwenye hazina za vyuo vyetu, ambazo nyingi zinatumia programu iitwayo DSpace, zikusanye mwenyewe kwa OAI-PMH, itifaki iliyotoka 2001 kwa kazi hiyo hasa: kila usiku unauliza nini kimeongezeka tangu jana na kukiweka kwenye fahirisi yako. Katalogi kubwa za nje usizikusanye; ziulize papo kwa papo.

Kanzidata za kulipia ziwekwe upande wake. Mikataba mingi huruhusu watumiaji wachache kwa wakati mmoja. Ukizipelekea kila swali la kila mwanafunzi, nafasi zote zitajaa maswali ya mtu aliyekuwa anatafuta tu kama maktaba ina kitabu cha mapishi. Ziwe chaguo ambalo msomaji analiwasha mwenyewe.

Fungua mlango wako

Maktaba nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki zinatumia Koha, programu iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000. Wakutubi wake wanaijua Z39.50 bila hata kuitaja, kwa sababu kila siku wanapoingiza kitabu kipya wanabofya na kuvuta rekodi kutoka Washington au kwingineko badala ya kuandika upya. Tunachukua kila siku. Lakini Koha inaweza pia kutoa: ina seva yake ya Z39.50, nayo huja imefungwa mpaka msimamizi aifungue kwenye mipangilio. Katika vyuo vingi haijafunguliwa, kwa sababu hakuna aliyeomba.

Matokeo yake ni kwamba mtafiti wa Leipzig au Muscat anayeuliza dunia nzima kuhusu kitabu cha Kiswahili anajibiwa na London na Washington, wakati sisi tulio na vitabu hivyo tuko miongoni mwa waliokaa kimya. Na mwanafunzi wa Mbeya hajui kwamba kitabu anachokiagiza kutoka ng'ambo kipo Morogoro.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza anwani ya pili kwenye Pazpar2, fungua seva ya katalogi yako mwenyewe na uiweke iwe anwani ya kwanza. Mwombe mtu wa mtandao afungue mlango wa seva hiyo upande wa nje, kwa kusoma tu, na azuie maswali yanayokuja kwa fujo. Pima kwa yaz-client ukiwa nje ya chuo. Kisha andika anwani hiyo kwenye tovuti ya maktaba, mahali panapoonekana, pamoja na maswali inayoyaelewa na namna inavyoandika herufi, na uitume kwa wakutubi wenzako kwenye vyama vya ushirikiano wa maktaba vya Tanzania, Kenya na Uganda, nao wakutumie za kwao. Ni kazi ya siku moja kwa msimamizi anayeifahamu Koha. Ikifanywa na maktaba kumi, Afrika Mashariki itakuwa imeanza kujibu kwa sauti yake yenyewe inapoulizwa kuhusu vitabu vyake.